Viza na Safari za Nje: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara Mtwara na Lindi

Nina steshenari Mtwara mjini. Tulianza na kutoa kopi na kupiga picha za pasipoti, lakini kidogo kidogo watu wakaanza kuja na fomu za balozi. Nimejaza za wakulima wa Tandahimba na Newala, wavuvi wa Kilwa, walimu wa Nachingwea, wagonjwa wanaokwenda India, na wazazi wanaokwenda kumwona mjukuu aliyezaliwa Ulaya. Maswali ni yale yale, ndiyo maana nimeyaweka hapa. Jambo moja linaniuma: watu wetu wengi huamini viza ni ya mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi. Si kweli. Ushahidi wa maisha yenu mnao, mara nyingi umefungwa kwenye mfuko wa nailoni juu ya kabati, na hamjui kwamba una thamani.

Pasipoti na viza vina tofauti gani?

Pasipoti unapewa na nchi yako; inasema wewe ni nani. Viza unapewa na wenyeji; inasema unaweza kubisha hodi. Nimesema kubisha hodi makusudi, kwa sababu hata ukiwa na viza, anayekuruhusu kuingia ni ofisa wa uhamiaji wa nchi ile, siku ile utakaposimama mbele ya dirisha lake. Kwa hiyo karatasi ulizoombea viza usiziache nyumbani. Zibebe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi linalokwenda chini ya ndege.

Nchi zipi Mtanzania anaingia bila viza?

Zipo nyingi kuliko watu wanavyofikiri. Kwa matembezi mafupi huhitaji viza kwenda Kenya, Uganda na Rwanda, wala Malawi, Zambia, Zimbabwe, Botswana, Msumbiji na Afrika Kusini. Kenya ilianzisha kibali cha mtandaoni kwa wageni Januari 2024, lakini raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hawadaiwi. Komoro hutoa viza unapofika.

"Bila viza" haina maana ya bila masharti. Wanaweza kukuuliza tiketi ya kurudi, mahali utakapolala na fedha za kujikimu. Afrika Kusini hutaka pasipoti iwe na kurasa mbili tupu, na iwe hai walau siku 30 baada ya siku unayopanga kuondoka kwao.

Nina ndugu Msumbiji. Nivuke kwa wapi?

Njia mbili zinazofahamika ni kivuko cha Kilambo kwa wanaotokea Mtwara, na Daraja la Umoja pale Mtambaswala, wilayani Nanyumbu, lililofunguliwa mwaka 2010. Daraja lina mita 720 na halisubiri maji ya Ruvuma kujaa wala kupwa, kwa hiyo mwenye gari au mzigo ni afadhali azunguke huko. Kwa Kilambo, piga simu kwanza uulize kama kivuko kinafanya kazi siku hiyo.

Sasa niseme jambo zito. Mto huu haujawahi kututenganisha. Wamakonde wako ng'ambo zote mbili, na harusi na misiba vimekuwa vikivuka tangu zamani. Lakini mashambulizi yaliyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017 yamebadilisha Cabo Delgado, mkoa wa Msumbiji unaopakana nasi. Oktoba 2020 washambuliaji walivuka hadi kijiji cha Kitaya upande wetu, na Machi 2021 mji wa Palma ukashambuliwa. Usivuke kwa mtumbwi vichakani ili kukwepa foleni. Gonga mhuri pande zote mbili. Mtu asiye na mhuri katika eneo lenye askari ana wakati mgumu sana wa kujieleza, na ndugu zake huku hawatajua pa kuanzia kumtafuta.

Pasipoti naipata hapa au lazima niende Dar?

Fomu unajaza mtandaoni kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji, unalipa kwa kontrol namba, kisha unapeleka nyaraka na kutoa alama za vidole ofisi ya Uhamiaji ya mkoa. Pasipoti za kielektroniki zilizinduliwa Januari 2018. Ada ni Sh 150,000 na pasipoti ya mtu mzima hudumu miaka 10. Unalipa Sh 20,000 mwanzoni na zinazobaki baadaye, kwa hiyo ukiambiwa utoe zote kwa mkupuo mkononi mwa mtu, shtuka.

Andaa cheti chako cha kuzaliwa, cheti cha kuzaliwa cha mzazi mmoja au kiapo kama hana cheti, kitambulisho au namba ya NIDA, picha, na kitu kinachoonyesha kwa nini unasafiri. Hapo kwenye cheti cha mzazi ndipo wazee wa vijijini wanapokwama. Mama yako aliyezaliwa Kitangari mwaka 1948 hakuandikishwa popote, na hilo si kosa lake. Kiapo kipo kwa ajili hiyo hasa. Nenda kwa wakili au mahakamani, na uhakikishe jina lake kwenye kiapo linafanana herufi kwa herufi na lilivyo kwenye cheti chako.

Kwa safari ya jirani ya ghafla, kama msiba, ipo hati ya dharura ya kusafiria. Ni nafuu na hutoka haraka, lakini usiitegemee kwa safari ya ndege kwenda mbali.

Majina yangu hayalingani. Hilo ni tatizo kweli?

Ni tatizo, na kwa uzoefu wangu ndilo linalokula muda mwingi kuliko yote. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamedi, NIDA wameandika Muhammad, benki wanasema Mohamed S., na cheti cha shule kina jina la babu mahali pa jina la baba. Kwetu sisi huyo ni mtu mmoja na mtaa mzima unamjua. Kwa mtu aliyekaa ofisini maelfu ya kilomita kutoka Mikindani, hao ni watu wanne.

Anza kurekebisha kabla ya pasipoti, si baada ya pasipoti. Chagua tahajia moja, ile ya cheti cha kuzaliwa ikiwezekana, kisha rekebisha NIDA, halafu benki. Kama tofauti ni ndogo na huna muda, kiapo cha majina kinachosema kwamba majina yote hayo ni ya mtu mmoja hukubalika sehemu nyingi; kiambatishe kila mahali. Wanawake walioolewa wakatumia jina la mume kwenye akaunti waambatishe cheti cha ndoa. Na tiketi ya ndege iandikwe kama pasipoti ilivyoandika, hata kama pasipoti imekosea.

Mimi ni mkulima wa korosho, sina barua ya mwajiri wala hati ya mshahara. Nitaonyesha nini?

Swali hili nalipenda, kwa sababu jibu lake linawafungulia watu mlango.

Ofisa wa viza anatafuta mambo matatu: unaenda kufanya nini, fedha za safari zinatoka wapi, na nini kitakurudisha nyumbani. Hati ya mshahara ni njia moja tu ya kujibu la pili. Mkulima wa korosho wa mikoa yetu ana karatasi ambazo hata mwenye duka kubwa Kariakoo anaweza asiwe nazo, kwa sababu tangu mwaka 2007 korosho zetu zinapita kwenye stakabadhi ghalani. Ukipeleka mzigo chama cha msingi cha ushirika unapewa stakabadhi yenye kilo na tarehe. Mnada ukishapita, malipo yanaingia kwenye akaunti yako ya benki. Umesajiliwa kwenye daftari la wakulima ili upate salfa, dawa ya kupulizia mikorosho. Hizo zote ni ushahidi. Mwombe katibu wa chama akuandikie barua: wewe ni mwanachama tangu lini, una mikorosho au ekari ngapi, umeuza kilo ngapi msimu uliopita. Kama kijiji chako kimeshapimwa na una hati miliki ya kimila, itoe kopi. Barua ya mtendaji wa kijiji inayokutambulisha iongezee juu. Wakulima wa ufuta wa Lindi nao ni hivyo hivyo.

Sasa kuna mtego, na tafadhali usome hapa polepole. Balozi nyingi huomba taarifa ya benki ya miezi 3 au 6. Mkulima akiomba viza mwezi wa nane, miezi sita ya nyuma inaonyesha akaunti inayokauka: fedha ziliingia Novemba na Desemba, Januari zimelipa ada za shule, Machi zimenunua bati. Atakayeisoma ataona mtu asiye na kipato. Kwa hiyo omba benki taarifa ya miezi 24. Misimu miwili itaonekana, na mtindo utajieleza: kila mwisho wa mwaka fedha inaingia kutoka chama kile kile. Andika barua fupi ya maelezo, nusu ukurasa, ueleze kwamba kipato chako ni cha msimu, mnada unaanza Oktoba, na taja ukurasa wa taarifa ya benki wenye malipo hayo.

Hata tarehe za safari zinaweza kukusemea. Wakati mzuri kwa mkulima wa korosho ni kati ya Februari na Aprili, fedha zikiwa bado zipo na kazi shambani ni ya palizi tu. Mwombaji mmoja kutoka Newala aliandika kwenye barua yake kwamba lazima awe nyumbani kabla ya Juni kwa sababu mikorosho isipopuliziwa salfa ugonjwa wa ubwiriunga unakula maua na msimu umekwisha. Alipewa viza. Kilichonigusa ni kwamba hakutunga neno hata moja, ndivyo anavyoishi.

Jambo la mwisho katika hili: karatasi zako ziko kwa Kiswahili. Kwa nchi nyingi lazima zitafsiriwe. BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, hutoa tafsiri rasmi, na wapo watafsiri wengine wanaotambulika. Uingereza hutaka tafsiri iwe na jina la mtafsiri, sahihi, tarehe, mawasiliano yake na kauli yake kwamba tafsiri ni sahihi. Usitafsiri mwenyewe barua ya katibu wako.

Nikope fedha niweke kwenye akaunti kwanza?

Hapana. Nililifanya hili mimi mwenyewe nilipoomba viza yangu ya kwanza kwenda kumtembelea dada yangu. Mjomba alinikopesha shilingi milioni sita, nikaziweka wiki moja kabla ya kuchukua taarifa ya benki. Nikanyimwa. Sababu iliyoandikwa ilikuwa kwamba chanzo cha fedha hakikuthibitishwa. Nililia, maana dada alikuwa amejifungua na nilitaka kuwa naye. Ningeonyesha laki nane zangu halali za dukani, leseni na namba ya mlipakodi, pamoja na barua ya dada kwamba yeye ndiye anayegharamia malazi na tiketi, ningekuwa nimesema ukweli na ukweli huo ungetosha kuangaliwa. Kama kuna mtu anakulipia, mwache aandike hivyo wazi na aambatishe taarifa zake za benki.

Viza ya Schengen inaombwaje?

Ni viza moja inayokuwezesha kuzunguka nchi 29 za Ulaya, kwa siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Kama siku zinalingana, kwa nchi utakayoingilia kwanza. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15 kabla. Kwa kawaida jibu hutoka ndani ya siku 15, lakini sheria inawaruhusu kufika hadi 45. Mimi huwaambia watu wa huku waanze miezi mitatu kabla.

Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11 tangu Juni 2024. Walio chini ya miaka 6 hawalipi. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10, iwe hai walau miezi 3 baada ya kutoka Ulaya, na iwe na kurasa mbili tupu. Bima ya safari lazima ifidie walau euro 30,000 na igharamie matibabu, na hata kusafirishwa kurudi nyumbani. Alama za vidole zinatunzwa miezi 59, kwa hiyo ukiwahi kutoa karibuni huenda usitakiwe tena.

Usinunue tiketi kabla ya viza. Wanachohitaji ni kuona nafasi uliyoshika, yaani uthibitisho wa mpango wa safari. Nimeona mwalimu aliyepoteza nauli yote kwa kuambiwa kwamba tiketi iliyolipiwa "inasukuma" viza. Haisukumi.

Tangu 12 Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kusajili wageni kwa picha ya uso na alama za vidole badala ya mhuri. Mfumo unahesabu siku zako wenyewe, bila kumtegemea ofisa kupekua kurasa.

Na Uingereza?

Uingereza haimo Schengen. Viza yake ni tofauti kabisa. Ya matembezi hukuruhusu kukaa hadi miezi 6, ada ilikuwa pauni 127 mwaka 2025, unaomba ndani ya miezi 3 kabla ya safari na majibu kwa kawaida huchukua wiki 3 baada ya kutoa alama za vidole. Jambo linalowakuta wengi bila kujua: Mtanzania lazima awe na viza ya Uingereza hata kama anabadilisha ndege tu pale London bila kutoka uwanjani, isipokuwa awe katika makundi machache yaliyosamehewa. Ukiona tiketi ya bei nafuu inayopita huko, iulizie hili kwanza.

Marekani je?

Kwa sasa mlango ni mwembamba. Kwa tangazo la Rais wa Marekani la Desemba 2025, Tanzania iliingizwa kwenye orodha ya nchi zenye zuio la sehemu kuanzia 1 Januari 2026. Zuio hilo linagusa viza za matembezi na biashara za B-1/B-2 na za wanafunzi. Aliyekuwa tayari na viza hai siku hiyo haikufutwa. Kabla ya hapo, Oktoba 2025, Watanzania walikuwa wameshaingizwa kwenye mpango wa dhamana ya dola 5,000 hadi 15,000 kwa waombaji wa viza za matembezi. Ada ya maombi, dola 185, hairudishwi hata ukinyimwa. Kwa hiyo yeyote anayekuambia leo Mtwara kwamba ana "mtu ndani" wa kukutolea viza ya matembezi ya Marekani, anakudanganya. Fuatilia tovuti ya ubalozi wao wenyewe.

Nampeleka mgonjwa India. Tufanye nini?

India ina viza ya kielektroniki, na Watanzania wamo. Kwa mgonjwa kuna ya matibabu, na wasaidizi hadi wawili wanaweza kuomba ya kumsindikiza. Hospitali ya India lazima iandike barua. Bila barua hiyo usianze. Omba siku zisizopungua 4 kabla ya safari, pasipoti iwe na miezi 6 mbele na kurasa mbili tupu, chapisha kibali kikitoka na usafiri nacho.

Kuwa mwangalifu na tovuti bandia. Ya serikali ya India huishia na gov.in. Nyingine zinafanana nayo kwa rangi na nembo, zinakutoza mara mbili na wakati mwingine hazileti kitu. Familia yenye mgonjwa ina haraka na ina hofu, na matapeli wanalijua hilo. Mpe mtu mmoja mtulivu katika ukoo kazi ya karatasi, wengine washughulike na mgonjwa.

Umra na Hija zinatumia viza ya utalii?

Hija hapana. Lazima uwe na kibali cha Hija, na wanaokamatwa wakihiji kwa viza ya matembezi wanatozwa faini na kurudishwa. Umra inaratibiwa kwa mfumo wa Saudia uitwao Nusuk, au kupitia taasisi zinazopeleka mahujaji. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo ni sharti, na iwe imechomwa walau siku 10 kabla ya kufika.

Dubai na China?

Zote mbili zinahitaji viza kabla ya kuondoka. Ya Dubai mara nyingi huombwa kupitia shirika la ndege, hoteli au wakala wa safari. Pasipoti iwe na miezi 6. Ya China hujazwa mtandaoni kisha unapeleka pasipoti Dar es Salaam. Wanaokwenda Guangzhou kununua mzigo waombe viza ya biashara kwa mwaliko, si ya utalii.

Kadi ya manjano ni lazima?

Inategemea unakokwenda na unakopitia. Nchi nyingi huidai kwa anayetoka au kupita kwenye nchi zenye homa ya manjano, na Kenya na Ethiopia zimo. Ukikaa Nairobi au Addis Ababa zaidi ya saa 12 ukisubiri ndege, baadhi ya nchi zitakuhesabu kama uliyetoka huko. Chanjo huanza kutambuliwa siku ya 10, na tangu Julai 2016 cheti ni cha maisha, hata kadi ya zamani iliyoandikwa miaka 10. Ushauri wangu: choma mara moja, itunze na pasipoti. Usinunue kadi bila sindano. Ugonjwa huu hauna dawa ya kuutibu, na kadi haimkingi mtu.

Miadi ya ubalozi iko Dar. Nipange vipi safari?

Mtwara hadi Dar ni karibu kilomita 560, Lindi ni pungufu kidogo. Usichukue miadi ya asubuhi kisha ukapanda basi la jana yake. Fika walau siku moja kamili kabla. Wakati wa masika ongeza siku mbili: Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ilikatika maeneo ya Somanga, wilayani Kilwa, na magari yakalala njiani. Walio na miadi wiki ile waliikosa. Ndege ya Mtwara ipo, ila usiipange ubavuni mwa ndege ya kimataifa. Acha saa nyingi kati yake.

Kabla ya kuondoka nyumbani panga karatasi zote kwa mpangilio wa orodha yao, halisi upande mmoja na kopi upande mwingine. Kurudi Mtwara kufuata cheti cha ndoa kilichosahaulika ni nauli ya kwenda na kurudi.

Kuna kijana anajaza fomu kwa laki tano na anasema ana uhakika. Nimpe?

Kujaziwa fomu si vibaya. Na mimi natoza, lakini natoza kazi ya kuandika. Uhakika hakuna mtu anaouza. Kishoka akikuambia ataweka barua ya mwajiri ambaye humjui, au mhuri wa kampuni uliyowahi kuisikia tu, ondoka. Karatasi ya kughushi ikigundulika, unayefungiwa ni wewe, wakati mwingine miaka 10 kwa Uingereza, na yeye anaendelea na mteja mwingine. Soma kila jibu kabla ya kuweka sahihi. Kama huwezi kusoma Kiingereza, mwite mwanao au mwalimu wa jirani akusomee neno kwa neno.

Nasafiri na mtoto peke yangu. Nahitaji nini?

Pasipoti yake mwenyewe, cheti chake cha kuzaliwa, na barua ya ridhaa ya mzazi mwingine iliyothibitishwa na wakili. Kama mzazi mmoja amefariki, cheti cha kifo. Kwa mtoto anayelelewa na bibi, jambo la kawaida sana kwetu, nendeni mahakamani mapema mpate amri ya ulezi. Maneno ya mdomo kwamba "huyu ni mjukuu wangu" hayatatosha uwanja wa ndege, hata kama yanatosha kijiji kizima.

Wakinihoji niseme nini?

Sema kilicho kweli, kwa ufupi. Jua jina kamili la unayemtembelea, anaishi mji gani, utakaa siku ngapi, nani analipa. Ukihitaji mkalimani, uliza mapema kama yupo. Watu wa pwani tumelelewa kumheshimu mkubwa kwa kuinamisha macho na kujibu taratibu; si dhambi, ila huko baadhi huliona kama kuficha. Mwangalie usoni, mjibu.

Nimenyimwa. Ndiyo mwisho?

Sio mwisho. Soma sababu. Kwa Schengen utapewa fomu yenye sababu zilizotiwa alama, na una haki ya kukata rufaa kwa taratibu za nchi husika. Mara nyingi ni nafuu kuomba upya, mradi kitu kimebadilika kweli. Kupeleka karatasi zile zile kwa matumaini ni kulipa ada mara mbili. Na fomu inayofuata ikikuuliza kama umewahi kunyimwa, jibu ndiyo. Mimi nilijibu ndiyo, nikaambatisha vitabu vya hesabu vya duka, na mara ya pili nikapewa.

Nikizidisha siku kidogo tu itakuwaje?

Siku moja inaandikwa sawa na mia. Kuna vijana wanaoondoka na wazo la kuzamia. Nimezungumza na mama zao baadaye. Wengine hawakuweza kuja kumzika baba, kwa sababu wakitoka hawarudi na wakibaki wanajificha. Kama umeugua au ndege imefutwa, nenda ofisi ya uhamiaji ya nchi hiyo kabla siku hazijaisha, na karatasi ya daktari au ya shirika la ndege mkononi.

Naweza kubeba fedha taslimu kiasi gani?

Zikifika dola 10,000 au thamani yake, lazima uzitamke forodhani unapotoka Tanzania. Ulaya nayo hutaka utamke kuanzia euro 10,000. Kutamka hakukutozi kitu. Kuficha ndiko kunakosababisha zitaifishwe. Badilisha fedha benki au duka lenye leseni na utunze risiti.

Viza imetoka. Nimalizie nini?

Usiondoke dirishani kabla ya kuisoma. Angalia jina herufi kwa herufi, namba ya pasipoti, tarehe ya kuanza na ya kwisha, idadi ya siku za kukaa na mara ngapi unaruhusiwa kuingia. Tarehe za viza na siku za kukaa ni vitu viwili: viza inaweza kuwa hai miezi mitatu lakini ikakuruhusu siku 15 tu. Kosa likionekana pale pale hurekebishwa. Likionekana Lindi, umepanda basi bure. Kisha piga picha ukurasa wa pasipoti na wa viza, mtumie mtu mmoja nyumbani, na umwachie pia namba ya simu ya unakofikia. Pasipoti ikipotea huko, ripoti polisi na uende ubalozi wa Tanzania na picha hizo; ndizo zitakazowaonyesha wewe ni nani.